Bibi Harusi Namba Moja

Abla Najmiya hakuwahi kuandika jina la bibi harusi mahali popote. Katika kompyuta yake kila harusi ilikuwa na kabrasha lake, na kila kabrasha namba tu. Akishakukabidhi albamu yako alikunong'oneza namba hiyo sikioni, nawe ukaondoka nayo. Hapa mtaani kwetu Suq al-Jumaa, Tripoli, tulizifanyia mzaha namba hizo. Wanawake wakikutana matangani au kwenye foleni ya mkate utasikia: "Mwenzangu, wewe umekuja juzi na mia mbili zako, kaa kimya wakubwa waseme." Mimi, Ghaliya, sikuwa na mpinzani. Niliolewa wiki ileile aliyonunua mashine hiyo. Mimi ndiye namba moja, na nilijigamba nayo miaka yote hiyo utadhani nimezaliwa ikulu.

Alikuwa mwalimu wa kuchora katika shule ya wasichana, ndiyo maana hata wenye wajukuu wanamwita Abla, yaani mwalimu. Alipofiwa na mumewe akanunua kamera, akaanza kupiga picha harusi za wanawake. Kwetu siku ya wanawake ina mlango, na mlangoni wanakaa shangazi wawili wa bibi harusi na kapu. Kila simu inaingia kapuni, hata ya mama mkwe. Ndani huko nywele zinafunguliwa, mabega yanakuwa wazi, na wanawake watu wazima wanacheza kwa namna ambayo waume zao hawajawahi kuiona. Mwenye kamera ni mmoja tu, naye ni Abla. Marehemu mama alikuwa akisema mtaa wote unaweza kugombana, lakini hakuna anayegombana na Najmiya, maana sote tumo mkononi mwake.

Mafundi wa kompyuta wa barabara yetu wote ni wanaume. Kwa hiyo tangu picha yangu ya kwanza ilipoingia, mashine ile haikutoka chumbani mwake, wala fundi hakuingia. Khairi, fundi mwenye duka pale chini, alimchokoza kila alipompitia.

"Abla, niletee hiyo mashine niipanguse. Vumbi lake limeshafika umri wa kuoa."

"Vumbi langu lina heshima zake, Khairi. Wewe pangusa la dukani kwako."

Sisi tulimsifu kwa jibu hilo. Leo nikikumbuka tulivyomsifu najilaumu.

Ndani ya mashine kulikuwa na programu ya kuzuia virusi na wezi, iliyowekwa siku ya kununuliwa. Abla aliiita Bawabu. Kila asubuhi kompyuta ikiwaka, Bawabu alitokea pembeni ya kioo na ngao yake ya kijani na maneno mawili: Uko salama. Naye Abla, glasi ya chai mkononi, alimjibu, "Alhamdulillahi, na wewe pia." Nilimcheka sana kwa hilo. Akaniambia kwamba anayekusalimu kila siku anastahili jibu, awe mtu awe chuma.

Mara moja tu, zamani, Bawabu alitoa tangazo refu la Kiingereza, lugha ambayo Abla haijui. Jambo moja alilojifunza kuhusu kompyuta ni kwamba chochote kinachojitokeza chenyewe na kukuomba ubonyeze ni mwizi. Basi akabonyeza alama ya kufunga, na tangazo halikurudi tena. Asubuhi yake ngao ilikuwa ya kijani kama kawaida.

Ramadhani iliyopita akaingia mtandaoni ili aagize majalada ya albamu kutoka Istanbul. Huko akakuta mapambo ya fremu, maua na hilali na njiwa, yanatolewa bure. Cha bure ni ghali, tunasema, lakini nani hukumbuka methali akiwa ameshika cha bure? Akayachukua yote.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya alasiri. Nilikwenda kwake tupange harusi ya mdogo wangu Rayhana, na tulikuwa tumefika kwenye glasi ya tatu ya chai, ile ya mwisho inayotiwa karanga. Abla alikuwa kichwa wazi, mvi zake kazibana kwa kibanio cha kuanikia nguo, maana chumba ni chake na mgeni ni mimi. Ananionyesha fremu za njiwa, mimi nazikandia.

"Huu mshale mbona unatembea?" akasema.

"Si wewe unautembeza?"

Akainua mikono yake yote miwili. Mikono ilikuwa hewani, na mshale unatambaa juu ya kioo polepole, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi ya taa katika nyumba asiyoijua. Ukasimama. Halafu juu ya kioo, kando ya kijicho cha kamera, ikawaka taa ndogo ambayo sikuwahi kuiona imewaka. Pakafunguka kidirisha, ndani yake Kiarabu cha kuungaunga: Tunakuona. Usizime.

Abla alinyakua kitambaa cha meza, glasi zikaenda chini, akajifunika kichwa. Mimi nikavuta mtandio wangu mpaka machoni. Tukabaki hivyo, wanawake wawili gubigubi mbele ya kompyuta, hatupumui. Yeye ndiye aliyezinduka kwanza.

"Ghaliya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama, "tumejifunika sisi. Na wao humo ndani?"

Akaruka akachomoa waya ukutani. Mashine haikuzimika. Lile sanduku la betri chini ya meza, ambalo kila nyumba ya Tripoli inalo kwa sababu ya umeme wetu wa kuja na kwenda, likaanza kulia, pii, pii, pii. Taa bado inatutazama. Na pembeni kule ngao ya kijani bado inasema uko salama. Nikapiga magoti katika vipande vya glasi, nikavuta kila waya uliokuja mkononi, wa kompyuta, wa mtandao, hata wa feni. Kioo kikawa cheusi. Sioni haya kusema kwamba nilikuwa karibu kujikojolea.

"Nyundo," nikasema. "Lete nyundo, Abla. Tuivunje, tuichome, majivu tukatupe baharini."

"Kilichokwisha kutoka kitarudi kwa nyundo?"

"Kisichotoka hakitatoka!"

"Na Hajati Mbarka nimwambie nini?"

Binti yake Hajati Mbarka, Ruqaya, alifariki, na nyumba na albamu vikaungua siku za makombora. Ruqaya hayupo tena popote duniani isipokuwa ndani ya mashine ile, namba thelathini na nne. Kila Ijumaa yule bibi hupanda ngazi, huketi, humtazama mwanawe akicheza, hunywa maji, huteremka. Si yeye peke yake. Baada ya yale makombora, kina mama wengi walimwomba Abla asifute kitu, amana ikae kwake. Ndivyo mtaa mzima ulivyokusanyika ndani ya sanduku moja.

"Nitawaambia," Abla akasema. "Wote. Nyumba kwa nyumba."

Nilimrukia. "Una wazimu? Hujui hata kama kuna kilichoibiwa, unataka kuwachoma watu roho! Usimwamshe aliyelala, utalala wewe!"

"Mimi silali tena, Ghaliya. Umeshaona."

"Ngoja basi ajulikane nani na nani. Ikiwa hakuna, tumenyamaza, yamekwisha. Ikiwa wapo wachache..."

"Wakiwa wachache?"

"Tutanyamaza vilevile," nikasema. "Kimya kina mshindo, Abla, lakini maneno yana mshindo zaidi."

Sikuwa nasema upuuzi. Kuna mwanamke wa mtaa wa pili ambaye picha yake ilitoka ukumbini kwa simu iliyofichwa kwenye nepi ya mtoto. Picha moja, akicheza. Ilizunguka mpaka ikamfikia kaka yake kinyozini. Ndoa ikavunjika, familia ikahamia kusini, na nyumba yao mpaka leo watu wanaipita wakinong'ona. Picha moja, na mimi nina zaidi ya mia tatu mle ndani. Nimevaa gauni la mabega wazi ambalo lilimtoa mama machozi, nywele mpaka kiunoni, nimelewa furaha, nacheza na viatu nimevishika mkononi. Mume wangu Milud si mtu mbaya. Ila wivu wake una mapembe.

Siku zilizofuata niliogopa simu kama watu wanavyoogopa mbwa. Ikilia, naifunika kwa mto. Ya Milud ikilia, vibaya zaidi. Mchana mmoja tunakula, yeye akatazama simu yake akaangua kicheko, mimi nikaangusha sinia la bazini, ule ugali wetu wa shayiri, mchuzi wote chini.

"Unacheka nini?"

"Paka anaogopa tango." Akanigeuzia kioo nione. "Ghaliya, mbona umekwajuka hivyo? Una nini?"

"Njaa," nikasema, nikiwa nimesimama katikati ya chakula.

Abla naye alikwisha. Mashine aliifunika blanketi na kukaa nayo chumbani kama mtu anayelinda maiti. Hata kubadilisha nguo mle ndani alikoma, ingawa nyaya zote zilikuwa zimechomolewa. Khairi alipomtania kwa lile vumbi hakumjibu. Khairi akaja kuniuliza kama kuna msiba.

Wa kuifungua mashine alipatikana kwa bahati. Mpwa wake Abla ameoa msichana wa mji wa Misrata anayeitwa Tibra, na kazi ya Tibra ni hiyohiyo ya kompyuta. Alikuja na mtoto mchanga begani, akanipakatisha mtoto, akakunja mikono, akafungua mashine kwa bisibisi kama mtu anayechuna mbuzi. Diski akaichomoa na kuifunga kwenye kompyuta yake mwenyewe. Akatazama muda mrefu. Sisi tulikuwa tunatazama uso wake.

"Abla, huyu mlinzi wako alikufa miaka sita iliyopita."

"Nani alikufa?"

"Hii programu ya ulinzi. Walioitengeneza walitoa tangazo, wakafunga kampuni. Tangu hapo haijapata sasisho hata moja."

"Hapana, mwanangu. Ni ya kijani. Kila asubuhi ananiambia niko salama!"

"Ni ya kijani kwa sababu hakuna aliyebaki wa kumwambia vingine. Kila asubuhi anatazama mlangoni, anatafuta wezi anaowajua. Na anawajua wa zamani tu, Abla. Mwizi mpya akipita anampa salamu."

Abla akaketi. Nilimwona akisogeza midomo, na nikajua anahesabu asubuhi zote alizomjibu maiti.

"Wameingia na yale mapambo ya bure," Tibra akaendelea. "Nimewakuta hapa."

"Wamechukua wangapi?"

"Niacheni nitazame."

Akatazama. Nje mwuza gesi alikuwa anagonga mitungi yake. Mtoto alikuwa na joto juu ya kifua changu, na mimi nilikuwa naomba, na dua yenyewe ya aibu: Ya Rabbi, ikiwa lazima iwe mtu, basi na awe wa mtaa wa pili, wao wameshazoea.

"Afadhali kuliko nilivyodhani," Tibra akasema mwishowe. "Hawa hufungasha kabrasha kama mzigo, halafu ndipo wanautuma. Na mtandao wetu mnaujua, kobe ana nafuu. Umeme ukikatika katikati, mzigo unaanza upya. Mzigo uliotoka mzima ni mmoja tu. Wa pili ulikuwa haujafika hata nusu mlipochomoa nyaya."

"Mmoja!" Nilikaribia kupiga kigelegele na mtoto wa watu mkononi. "Mmoja tu, Abla! Kati ya wote hao! Sema alhamdulillahi! Sasa nani atajua? Tunafunga midomo, huyo mmoja Mungu atamsitiri, na yeye mwenyewe hatajua kitu, maskini, atalala usingizi wake."

Abla hakunitazama. "Namba ngapi?" akamwuliza Tibra.

Tibra ni wa Misrata. Hakuzijua namba zetu wala mizaha yetu. Alijibu huku akifunga bisibisi yake kwenye mkoba.

"Wameanza mwanzo, kama mtu yeyote. Namba moja."

Nakumbuka niliendelea kumpigapiga yule mtoto mgongoni, ingawa alikuwa amelala. Nakumbuka mitungi ya gesi. Abla alinyanyuka kitini, akaja akapiga magoti mbele yangu, yeye, mwanamke aliyenifundisha kushika penseli. Angeweza kumkonyeza Tibra. Angeweza kusema namba moja ilikuwa majaribio tu, picha za maua, nami ningemwamini kwa jinsi nilivyotaka kuamini.

"Ghaliya, imetoka ya kwako," akasema. "Ulinipa nikutunzie, na sikukutunzia."

Nilimtukana. Yalinitoka maneno ambayo sijapata kumwambia hata mke mwenzangu wa ndotoni. "Vumbi lako lina heshima, eh? Kaa basi na vumbi lako!" Alipokea yote akiwa palepale sakafuni. Tibra akamchukua mtoto wake taratibu mikononi mwangu. Kisha nikamwegemea Abla shingoni nikalia mpaka nikapata kwikwi, na yeye akalia, na nilichokuwa nasema ni kimoja tu, Milud, Milud, Milud.

Abla alikwenda nyumba kwa nyumba, kama alivyosema. Aliwaeleza kwamba mlinzi wa mashine alikuwa amekufa bila yeye kujua, kwamba mwizi aliingia, kwamba kabrasha moja limetoka na mwenyewe ameshaambiwa. Wengine walimfungia mlango. Mmoja alimtemea mate kizingitini. Hajati Mbarka aliuliza kitu kimoja tu, kama Ijumaa aje. Namba ya lililotoka hakumtajia mtu. Wanawake walinijia mimi, kwa kuwa mimi ni wa karibu: "Ghaliya, nani huyo jamani? Mwenzetu, tuambie, tumwonee huruma." Nikasema sijui. Mizaha ya namba imekoma mtaani, na hakuna aliyeona kwamba wa kwanza kukoma nilikuwa mimi.

Milud hajui. Kila asubuhi nasema leo nitamwambia, kisha namwona anavyokunywa kahawa yake kwa amani, naahirisha.

Ilipofika harusi ya Rayhana, shangazi zetu walitaka mpiga picha mwingine, binti mmoja wa Janzur anayesifiwa. Nikasema hapana. Wakanishangaa. "Wa Janzur sijui bawabu wake yu hai au maiti," nikawaambia, "na akiibiwa sijui kama atanijia kuniambia. Huyu wetu najua." Abla alikuwa ameshanunua mashine nyingine, isiyoungwa na mtandao wowote, na Tibra huja kutoka Misrata kumlisha yule mlinzi mpya habari za wezi wapya. Diski ya zamani ameisafisha virusi bila kufuta picha, ameifungia kabatini. Kila asubuhi ngao ya kijani huwaka. Abla hasemi neno.

Siku ya wanawake, mlangoni mwa ukumbi, Abla alikuwa wa kwanza kutia simu yake kapuni. Mimi nilitia yangu baada yake. Kapu lilikuwa limejaa, na simu mle chini zilikuwa zinanguruma moja baada ya nyingine, na kila mngurumo nilijiuliza kama ni yangu, kama ndiyo leo. Ndani ngoma zilikuwa zimeshapamba moto. Rayhana akatoka chumba cha kuvalia na dhahabu yake yote, mabega wazi, nywele mpaka kiunoni, uzuri ambao hata mimi dada yake ulinitisha. Akatuona, akakimbia kuja, viatu mkononi.

"Abla! Nimesikia una mashine mpya!" akapiga kelele juu ya ngoma. "Basi mimi ndiye namba moja! Ghaliya, leo nimekuvua taji, jikaze!"

Wanawake wakacheka. Kamera ya Abla ikateremka mpaka tumboni kwake, na uso wake ukafa. Nikamsogelea mdogo wangu, nikaunyoosha mkufu wake begani, na vidole vyangu vilikuwa vya baridi kiasi kwamba alishtuka.

"Namba moja ina mwenyewe," nikamwambia. "Wewe anza na mbili."